Kupiga, Kutunga na Kutunza: Maisha na Kazi ya Hukwe Zawose katika Mwanga wa Lugha ya Kiswahili

1. Utangulizi

Methali ya Kiswahili isemayo mcheza kwao hutunzwa hufundishwa shuleni kuwa na maana iliyo wazi: anayeonyesha ufundi wake mbele ya watu wake hupata tuzo kutoka kwao. Maisha ya Hukwe Ubi Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, Dodoma, na kufariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, yanaipa methali hii mtihani mgumu. Alicheza kwao, akaitwa na Rais wa nchi, akawa mwalimu wa chuo cha taifa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kanda na sahani zinazohifadhi sauti yake zilitolewa Uingereza na Japani, na wapo Watanzania wengi waliolisikia jina lake kwanza kutoka kwa wageni.

Mhadhara huu unaeleza maisha na kazi ya msanii huyo kwa kufuata vitenzi vitatu vya Kiswahili, yaani kupiga, kutunga na kutunza. Vitenzi hivi vimechaguliwa kwa sababu vinabeba mtazamo wa wasemaji wake kuhusu sanaa ya sauti, na mtazamo huo haulingani na ule wa lugha za Ulaya, ambamo mpiga ngoma, mwimbaji, mtunzi na mchezaji ni watu wanne wenye kazi nne. Hoja kuu ni kwamba ufundi mwingi wa Zawose, uliowashangaza wasikilizaji wa ng'ambo, kwa kipimo cha lugha zetu ulikuwa ufundi mmoja uliokamilika. Suala linalobaki ni namna ufundi wa aina hiyo unavyorithishwa pale taasisi zinapougawa vipande vipande.

2. Kupiga

Katika Kiswahili, ala zote hupigwa. Hupigwa ngoma, zeze, filimbi, kinanda na gitaa, ingawa kwa vitendo moja hugongwa, nyingine husuguliwa kwa upinde na nyingine hupulizwa. Kitenzi kucheza kimewekewa mwili unaofuata mdundo. Kwa hiyo mtu hupiga ngoma na mwingine huicheza, na neno ngoma linabaki palepale kwa maana zake zote: chombo chenyewe, mchezo unaochezwa, na mkusanyiko wa watu waliokuja kuucheza. Anayesema anakwenda ngomani hakusudii kwamba anakwenda kwenye kipande cha mti kilichowambwa ngozi.

Mtawanyiko huu wa maana si wa Kiswahili peke yake. Shina la neno hili limeenea katika lugha za Kibantu kutoka bonde la Kongo hadi Afrika Kusini. Katika Kizulu, ingoma ni wimbo au mchezo. Katika Kinyarwanda, ingoma ni chombo na pia ni utawala wa mfalme. Kila jamii imelivuta neno kuelekea kwenye jambo iliyolithamini zaidi, lakini hakuna iliyolifungia ndani ya chombo kitupu.

Zawose alilelewa katika jamii ya wafugaji na wakulima ambamo mafunzo ya muziki hayakuwa na darasa. Mtoto alisikia, akaiga, akakosolewa na wakubwa, kisha akapewa nafasi. Ala alizozimudu alipokuwa mtu mzima ni nyingi. Kuu ni ilimba, sanduku la mbao lenye safu za ndimi za chuma zinazodonolewa kwa vidole gumba. Nyingine ni zeze, ala ya nyuzi yenye kibuyu na upinde. Pamoja na hizo alipiga filimbi na kayamba, na alivaa njuga miguuni. Alipokuwa jukwaani, vidole vyake vilidonoa ilimba, miguu yake ilikanyaga chini ili njuga zijibu, na sauti yake ilipanda kutoka kifuani hadi juu kabisa kisha ikashuka bila kukatika. Kwa Kiswahili, mambo yote hayo matatu ni kupiga na kucheza ngoma.

Jina la ilimba linastahili maelezo. Shina lake, -limba au -rimba, limeenea kutoka bonde la Zambezi hadi pwani ya Afrika Mashariki, likibadilishwa na viambishi vya ngeli: karimba, silimba, malimba, marimba. Mtaalamu wa muziki wa Kiafrika Gerhard Kubik, raia wa Austria, amependekeza kwamba shina hili kwa asili lilitaja ulimi mmoja au kipande kimoja kinachotoa sauti. Kiambishi cha wingi ma- kinaleta basi wazo la safu ya vipande. Ndiyo maana Kiswahili kinaweza kutumia marimba kwa ala ya ndimi za chuma na pia kwa ala ya vipande vya mbao vinavyogongwa kwa vijiti. Mgogo anapotumia kiambishi i- cha ngeli ya tano na kusema ilimba, anaitazama safu nzima kama kitu kimoja.

Ilimba ya Kigogo ina siri mbili za ufundi. Ya kwanza ni kwamba si ndimi zake zote zinazodonolewa. Baadhi zimewekwa ziitikie zenyewe pale jirani zao zinapoguswa, kwa kuwa zimelinganishwa nazo. Ya pili ni tundu dogo kwenye sanduku linalofunikwa na utando wa buibui. Utando huo hutetemeka na kuongeza mvumo mwembamba juu ya kila sauti. Msikilizaji aliyezoea piano anaweza kudhani kuwa chombo kina hitilafu. Kwa mpigaji, ilimba isiyovuma haijakamilika.

Hapa ni vizuri kumtaja msanii mwingine ili picha isiwe ya upande mmoja. Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona, alizipanga ngoma nyingi za ukubwa mbalimbali kumzunguka na kuzipiga peke yake, kila ngoma ikiwa na kimo chake cha sauti, hata mfululizo wa mapigo ukawa wimbo. Mapigo yake yalitumiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kutangulia taarifa ya habari, na kwa miongo kadhaa yalikuwa miongoni mwa sauti zilizojulikana zaidi nchini. Wengi walioyafahamu mapigo hayo hawakulijua jina la aliyeyapiga. Zawose na Nyunyusa walipita njia tofauti, lakini wote wawili wanaonyesha kwamba anayeitwa mpigaji katika Kiswahili anaweza kuwa mtunzi katika kitendo kilekile cha kupiga.

3. Kutunga

Neno mtunzi linatokana na kitenzi tunga. Badiliko la ng kuwa nz mbele ya kiambishi -i ni la kawaida katika lugha za Kibantu, na linashabihiana na lile la nd kuwa nz linaloonekana katika penda na mpenzi, au linda na mlinzi. Lenye uzito zaidi ni matumizi ya kitenzi chenyewe. Mtu hutunga wimbo, hutunga shairi, na hutunga shanga. Anayetunga shanga hazifinyangi. Anazichagua, anazipanga kwa rangi na ukubwa, anapitisha uzi, na mpangilio huo ndio unaoitwa kazi yake.

Dhana hii inaeleza utunzi wa Zawose vizuri kuliko dhana ya mtunzi anayeketi peke yake na karatasi ya nota. Shanga zake zilikuwa miito ya kuchunga, nyimbo za jando, nyimbo za mavuno na mafumbo ya wazee. Uzi wake ulikuwa mfumo wa sauti wa Wagogo, ambao una msingi wa kifizikia unaoweza kuelezwa kwa urahisi.

Uzi mmoja ukivutwa na kuachiliwa hautoi sauti moja tu. Hutetemeka mzima na, wakati huohuo, kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea, na kila mgawanyo una sauti yake nyembamba. Utafiti wa Kubik na wenzake umeonyesha kwamba Wagogo wameijenga ngazi yao ya sauti kutokana na sehemu ya mlolongo huo, hasa kuanzia sauti ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Sauti ya saba katika mlolongo huu haipo kwenye piano. Iko chini ya ile ya piano inayokaribiana nayo kwa karibu theluthi moja ya nusutoni. Mwalimu wa kwaya asiyejua jambo hili atawasahihisha waimbaji wa Kigogo wakiwa hawajakosea, na akiwasahihisha kwa muda mrefu wa kutosha, Ugogo utakuwa umetoka katika wimbo ingawa maneno yatabaki ya Kigogo.

Zawose aliupanua urithi huu bila kuuvunja. Ilimba zake zilikuwa na ndimi nyingi kuliko za kawaida, na mazeze yake yaliongezewa nyuzi. Nyongeza hizo zilifuata mlolongo uleule wa sauti, hivyo chombo kilikua na lugha yake ikabaki ileile. Isimu inalijua jambo hilo: lugha inaweza kuongeza maelfu ya maneno bila kubadili sarufi yake.

Kuhusu lugha ya nyimbo, Zawose alitunga kwa Kigogo na kwa Kiswahili, na hata majina ya santuri zake yanadokeza hadhira mbili. Tanzania Yetu, aliyorekodi Uingereza pamoja na Lubeleje Chiute na Dickson Mkwama na kutolewa mwaka 1985, ina jina la Kiswahili linalozungumza kwa niaba ya taifa. Chibite, iliyotolewa na kampuni ya Real World mwaka 1996, ina jina la Kigogo linalomaanisha twende. Kiambishi chi- hapo kinafanya kazi ya tu- ya Kiswahili. Nafsi ni ileile ya kwanza wingi, lakini sisi wa jina la kwanza ni taifa zima, na sisi wa jina la pili ni watu wanaoitana kwa lugha ya nyumbani. Kiswahili kilimpa Zawose nchi ya kuimbia, ilhali Kigogo kilimpa mlio. Wanaodhani kwamba lugha ya taifa haina budi kuzimeza lugha za jamii wana hapa mfano wa kuwafanya wafikiri upya.

4. Kutunza

Kitenzi cha tatu, tunza, kina maana mbili: kuhifadhi kwa uangalifu na kutoa tuzo. Methali iliyotajwa mwanzoni inakusudia maana ya pili, lakini haifahamiki vema bila ya kwanza.

Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuzaliwa kwa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa wakati wake walikuwa wamefundishwa michezo ya kigeni huku wakiwa hawazijui ngoma za makabila yao. Kutokana na msimamo huo, kikundi cha taifa cha ngoma kiliundwa katika miaka ya 1960, na wasanii kutoka mikoani waliitwa Dar es Salaam. Zawose ni miongoni mwa walioitwa, baada ya Nyerere mwenyewe kuvutiwa na upigaji wake. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa, na Zawose alikuwa mmoja wa walimu waliokipa sura yake. Tangu mwaka 2007 chuo hicho ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Wito wa taifa ulikuwa na faida na gharama. Faida ni kwamba ngoma ilipata heshima ya somo. Kijana wa Kimakonde aliweza kujifunza zeze la Kigogo, na wa Kigogo akajifunza sindimba. Gharama ni kwamba ngoma iliyokesha usiku kucha kijijini ililazimika kumalizika kwa dakika chache jukwaani, watazamaji wakatengwa na wachezaji, na jando lililokuwa sababu ya wimbo likabaki kijijini. Zawose aliishi ndani ya mvutano huo. Jibu lake lilikuwa kujenga Bagamoyo ukoo wa wapigaji, yaani kundi la Chibite, ambamo watoto, wapwa na wajukuu walijifunza kwa kusikia na kuiga kama alivyojifunza yeye.

Umuhimu wa jibu hilo unaonekana ikiwa litalinganishwa na historia ya sehemu nyingine za nchi. Katika nyanda za juu kusini, wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Ukinga mwishoni mwa karne ya 19, na Bulongwa, ambayo leo imo katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe, ikawa mojawapo ya vituo vyao. Kama ilivyokuwa katika misheni nyingi za Afrika Mashariki, ngoma za jadi zilitazamwa kwa mashaka, na waumini wakapewa tenzi za kwaya na matarumbeta. Watu hawakuacha kupiga, walihamisha ufundi. Kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, mganda uliiga bendi za kijeshi kwa ngoma na vipenga vya vibuyu, na Terence Ranger ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 jinsi michezo ya jamii ya beni ilivyoenea Afrika Mashariki na kubeba historia ya kijamii ya watu wake. Kwa jirani zao Wahehe, ligombo, ala ya nyuzi yenye umbo la mtumbwi, ilitumika kusindikiza masimulizi ya kishujaa. Ufundi ulikuwapo kila mahali. Kilichotofautiana ni nani aliyepata nafasi ya kuutunza, na kwa muda gani. Kijana wa Bulongwa anayepiga tarumbeta kanisani na babu yake aliyecheza ngoma ya ukoo wanapiga kitu kimoja kwa mujibu wa kitenzi cha Kiswahili, ingawa taasisi zimewafundisha kuviona kuwa vitu viwili vinavyopingana.

Tuzo ya nje ilimfikia Zawose katika miaka ya 1980, alipoanza kualikwa Ulaya na kushiriki matamasha ya WOMAD, ambayo mwanamuziki Peter Gabriel ni mmoja wa waanzilishi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alirekodi Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji kutoka Kanada, na mwaka 2002 yeye na mpwa wake Charles Zawose walifungua maonyesho ya Gabriel huko Amerika Kaskazini. Mwaka uliofuata Hukwe alifariki, na mwaka 2004 Charles, aliyetarajiwa na wengi kuishika nafasi yake, naye akafariki. Vifo viwili katika muda mfupi kiasi hicho vilitosha kuonyesha udhaifu wa elimu inayokaa katika vidole na masikio ya watu wachache.

Sheria nayo ina sehemu yake katika kutunza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, inamtambua mtunzi na haki zake. Ugumu wake ni wa kidhana. Sheria za aina hiyo zinatenganisha kazi ya mtu na sanaa ya jadi isiyo na mtunzi mmoja. Zawose alitunga kwa maana ya kutunga shanga: shanga zilikuwa za ukoo na kabila, mpangilio ulikuwa wake. Mtu anayeichukua kazi kama hiyo kwa hoja kwamba ni ya jadi humnyima mtunzi haki yake, na anayeidai yote kuwa ya mtu mmoja huwanyima Wagogo. Kitenzi tunga kinaziona pande zote mbili, na waandishi wa sheria wangenufaika kukichunguza.

Hatimaye kuna swali la nani anaruhusiwa kupiga. Kwa Wagogo, muheme ni ngoma ya wanawake. Huibana kati ya mapaja na kuipiga kwa mikono. Zeze na ilimba zilikuwa za wanaume. Katika kundi la Chibite wanawake walisikika zaidi katika kiitikio na muheme, ilhali watu waliotajwa majina walikuwa wanaume. Mwaka 2017 Msafiri Zawose, mtoto wa Hukwe, alitoa Uhamiaji. Mwaka 2024 Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa Maisha kwa jina la The Zawose Queens, wakiwa mbele kama watunzi, waimbaji na wapigaji wa ala zilizokuwa za kiume. Wapo wanaoona kwamba hatua hiyo inavunja mila. Hata hivyo, Hukwe mwenyewe aliongeza nyuzi za zeze na ndimi za ilimba, na hakuna aliyemwambia kwamba ala yake si ya Kigogo tena. Wanawake hawa wameongeza mikono.

5. Hitimisho

Mhadhara huu umeeleza kwamba Hukwe Zawose alikuwa mpigaji kwa maana pana ambayo Kiswahili kinalipa neno hilo, na mtunzi kwa maana ya kupanga shanga za wengi kwa uzi wake. Kuhusu kutunza, jibu ni la nusu kwa nusu. Taifa lilimwita, likampa kazi na wanafunzi. Tuzo ya fedha na ya jina ilitoka kwa kiasi kikubwa nje. Uhifadhi wa kweli ulifanywa na ukoo wake.

Kazi iliyo mbele ya taaluma za Kiswahili inaeleweka na inatekelezeka. Kamusi zetu huandika zeze, marimba au ligombo kwa mstari mmoja unaosema kwamba ni aina ya ala ya muziki. Kila ingizo la namna hiyo lingepaswa kueleza ala imetengenezwa kwa nini, hupigwaje, na nani, katika tukio gani, na sehemu zake zinaitwaje kwa lugha ya wanaoipiga. Msamiati huo bado upo katika vinywa vya wazee wa Dodoma, Iringa, Makete na Ludewa. Ukikusanywa sasa, mwanafunzi atakayetaka kutengeneza ilimba atajua kwamba tundu lile dogo linahitaji utando wa buibui, na atajua jina la utando huo.